Kwa Nini Taa Iliondoka

3 Februari

Mkwe wangu,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi wazima. Mwanao anakula, anacheza, anavunja. Wiki hii amevunja mpini wa birika akasema ni paka, na hatuna paka. Mume wako yuko karakanani na makochi ya watu wa hoteli. Kila jioni anarudi na sponji kichwani kama mtu aliyeanza kuota mvi za njano.

Nakuandikia kwa sababu simu nimeachana nayo. Miaka yote ile kwenye mashine za nyuzi imeniachia masikio ya mapambo. Mtu akipiga nasikia nyuki tu, naitikia "ndiyo, ndiyo", halafu nagundua nimekubali jambo nisilolijua. Na huko kwenu naambiwa simu zinaachwa getini kwa sababu ya baruti, basi tumekutana. Barua hainipigii kelele, na naweza kuirudia.

Jirani yangu fundi cherehani ameniuliza unafanya kazi gani mgodini. Nikamwambia mkwe wangu anachunga roboti. Akauliza zinakula nini. Nikasema umeme. Akauliza nani anazilisha, na hapo nikaishiwa. Nieleze vizuri nisiaibike tena.

La pili ni Kijiko. Umempatia shemeji yako kazi, nami nashukuru, maana hapa alikuwa amegeuka pambo la kibarazani. Ila nakukumbusha tulivyoongea jikoni: hashuki chini. Baba yao alishuka miaka mingi, akapanda na kifua kilichokwisha, na mwisho wake niliuona kwenye chumba hiki ninachokuandikia. Kijiko afagie, apike, abebe mizigo, afanye lolote la juu. Chini hapana.

Mama


21 Februari

Mama,

Shikamoo. Barua yako imenichekesha mpaka wenzangu ofisini wakaniangalia. Mwambie huyo mvunja birika kwamba nikija nitamtafuta paka wake.

Roboti zetu si kama zile za kwenye televisheni. Ni vigari vifupi vyenye minyororo badala ya matairi. Vinatembea vyenyewe kwenye njia za chini, vinapima hewa, vinapiga picha za dari kuona kama kuna ufa. Hakuna anayeshika usukani. Kila kimoja kina betri, na kazi yangu ni hiyo betri: isiishe kigari kikiwa bado chini. Kikiishiwa njiani hakina tofauti na jiwe, na anayekwenda kukitoa ni binadamu.

Kwa hiyo nimeziandikia kanuni. Muda wote roboti inajiuliza: nilichobaki nacho kitanirudisha? Ikiona kinakaribia kutotosha, inaacha kila kitu na kugeuka, hata kama imebakiza kona moja tu kumaliza kazi. Tena siku zote inabakiza akiba kidogo, kwa sababu betri ikizeeka inaanza kudanganya kuhusu kilichomo ndani yake. Mwambie jirani kwamba nazilisha mimi, na zikila vibaya naitwa mimi.

Adui yetu mkubwa ni mteremko. Kushuka ni rahisi, ila kupanda kunameza zaidi ya nusu ya chaji. Nimepata njia ya kupunguza hasara hiyo, imeanza kutumika mwezi huu, na wakubwa wameipenda.

Kijiko hajambo. Yuko chumba cha betri. Anafuta vumbi kwenye soketi, anaangalia joto, anaandika roboti ipi imeingia na ipi imetoka. Ana kiti, ana meza, ana chupa ya chai. Sururu hajaigusa.

Mkwe wako


10 Machi

Mama mwenye masikio ya mapambo,

Naandika kwa herufi kubwa ili usikie.

Mimi mzima kabisa. Kazi yangu ni kama yaya wa watoto wasiolia. Roboti zinaingia zimechoka, nazichomeka, zinalala, zikiamka zinaondoka bila hata asante. Ninayoipenda ni moja ndogo, tunaiita Kobe. Yeye akifika kwenye soketi hukosea mara ya kwanza, hurudi nyuma, ndipo huingia, kama wewe unapotunga uzi kwenye sindano.

Nimepata rafiki, mzee mmoja tunamwita Babu Baruti. Ndiye anayetega baruti, na ana vidole vyote kumi, jambo ambalo anapenda kuwaonyesha watu. Hupita kwangu akitoka kulipua, tunakunywa chai na kucheza drafti kwa vifuniko vya chupa. Bado sijamfunga. Anasema nina haraka kama mkojo.

Usiwe na wasiwasi. Shemeji ananiangalia vizuri.

Kijiko wako


28 Machi

Mkwe wangu,

Barua ya Kijiko nimeisoma nikicheka, mpaka nilipofika pale anaposema huyo mzee hupita kwake akitoka kulipua. Hapo nikavua miwani, nikaifuta, nikasoma tena.

Mimi nimekuwa mke wa mtu wa mgodini. Mtu aliyetoka kulipua hapandi juu kunywa chai kisha akashuka tena. Anapumzika huko huko, mahali palipo karibu na kazi yake.

Chumba cha betri kiko wapi? Usinizungushe na mambo ya joto na soketi. Nijibu neno moja.

Mama


14 Aprili

Mama,

Najua mume wangu, aliyekuja huku mara tu aliposikia, ameshafika nyumbani na amekuambia Kijiko yuko hai. Mkono una plasta, kwingine ni michubuko. Daktari wa kambi atamruhusu wiki ijayo. Yaliyobaki nilimwomba mume wangu asikueleze, ili nikueleze mimi.

Swali lako lilinifikia Jumanne. Jibu lilikuwa hilo neno moja ulilolitaka: chini. Nililiandika, nikachana karatasi, nikasema nitaandika kesho. Kesho yake asubuhi dari ilianguka.

Ile njia niliyokuambia wakubwa wameipenda ilikuwa hiyo. Nilikitoa kituo cha kuchajia mdomoni mwa mgodi, nikakipeleka chini, roboti zisipoteze nguvu kwa kupanda. Hesabu zilitoka vizuri; roboti zikawa zinafanya karibu kazi mara mbili. Lakini kituo kilihitaji mtu wa kukikalia. Kijiko aliomba. Mara ya kwanza nilikataa, mara ya pili nikakubali. Nilipokuandikia kwamba ana kiti, meza na chai, kila kitu kilikuwa kweli.

Asubuhi ile alikuwa chumbani na Babu Baruti. Njia ya kuingilia iliporomoka ikawafungia ndani. Umeme wa kule ulikatika, na roboti zilizokuwa karibu na mlango zikafukiwa. Juu nilikuwa nimebaki na Kobe tu, aliyekuwa amepandishwa kwa matengenezo. Kati ya mawe na ukuta ilibaki nafasi moja ya upana wa beseni. Mtu hapiti. Kobe alipita.

Hatukujua kama kuna aliye hai, kwa hiyo nilimtuma mtupu, mzigo usije ukamlia chaji: kamera, taa na spika, basi. Alipopenya nilimwona Kijiko kwenye skrini, amekaa sakafuni, amekinga macho kwa mkono usioumia. Babu Baruti alikuwa amelala, mguu mmoja uko chini ya kabati la betri. Kofia zao zenye taa zilikuwa zimetundikwa mlangoni, na mlango haukuwepo tena.

"Nani?" Kijiko akauliza.

"Mimi, shemeji yako."

"Umechelewa," akasema, akacheka.

Babu Baruti naye akasema, "Mwambie huyo mama asogeze taa huku, niangalie huu mguu kama bado ni wangu."

Nikaisogeza. Tuliongea. Waokoaji waliokuwa nyuma yangu walitazama picha wakachora watachimba kutokea wapi. Kisha skrini ikabadilika rangi: Kobe anataka kurudi. Taa ile ilikuwa inakula chaji ya kupandia. Akiishiwa njiani angenasa palepale kwenye ile nafasi na kuiziba, na baada ya hapo wasingepata maji, wala dawa, wala sauti. Nikimwacha akae nao, wangepata mwanga na maneno yangu kwa muda, halafu basi.

Meneja alisema, "Betri unazijua wewe. Amua."

Nikawaambia Kobe anarudi kuchaji, atashuka tena na maji, dawa ya maumivu na tochi. Kijiko akasema, "Shemeji, usiiondoe taa. Mwache akae. Mwache aishiwe hapa hapa."

Nikasema siwezi.

"Shemeji, nakuomba."

Nikabonyeza. Kobe akageuka, na kwenye kamera yake ya nyuma nikaona chumba kikiingia giza polepole.

Alichaji mpaka jioni. Aliposhuka na maji na tochi, Babu Baruti alikuwa amefariki. Kijiko alipokea maji. Kobe aliendelea kushuka na kupanda hivyo hivyo mpaka siku ya tatu, waokoaji walipofika. Tangu atoke Kijiko hajanisemesha. Nikiingia wodini anageukia ukutani.

Sikuombi chochote, Mama. Nimejibu swali lako kwa kuchelewa.

Mkwe wako


22 Aprili

Mkwe,

Kijiko amefika. Anakula kidogo. Kulala hajalala.

Barua yako nimeisoma. Mwongo ningemgundua, maana nimelea wawili. Wewe hukusema uongo. Ulinipa kiti, meza na chupa ya chai, nikashiba. Hilo ndilo linaloniuma.

Kuhusu taa, mimi sijui betri. Najua mwanangu alikuomba, na najua ulimjibu nini.

Mtoto wako yuko salama kwangu, hana kosa, hata sauti sijampandishia. Wewe usiniandikie mpaka nikuandikie.

Mama yake Kijiko


19 Mei

Shemeji,

Mama hajui kwamba nakuandikia. Kaka anajua, ndiye aliyenipa stempu.

Nataka nikueleze kilichotokea Kobe alipoondoka, kwa sababu kila mtu ananiuliza kuhusu mawe na hakuna anayeniuliza kuhusu hilo.

Mwanzoni nilikutukana. Nilikutukana kwa sauti, nikaishiwa matusi nikaanza kurudia yale yale. Babu Baruti akaniambia nipumzike, nikimaliza nimwambie. Halafu akaanza kuzungumza kuhusu mke wake, jinsi anavyoficha sukari na kusahau alipoificha. Alikuwa anazungumza vizuri kabisa. Nilimshika mkono ili nijue alipo.

Baadaye akaanza kuuliza, "Taa imerudi?" Nikasema bado. Akauliza tena. Nikasema bado, Babu, anapanda polepole, unamjua Kobe. Aliuliza mara nyingi, na kila mara sauti ilikuwa imepungua. Mwisho nikasema, "Imerudi."

Akasema, "Mbona siioni?"

Nikamwambia, "Macho yako yamechoka, Babu. Mimi naiona. Imewaka hapo mlangoni."

Akasema, "Aa, basi vizuri." Hakusema kingine. Nilibaki nimeushika mkono wake mpaka Kobe aliporudi kweli.

Sasa swali langu. Ulipomgeuza Kobe, alikuwa amebakiza kiasi gani? Yaani alipofika juu, ndani mlikuta nini? Nimekaa mezani kwako, najua kanuni ina akiba. Usinipe maneno ya kumpa Mama. Nipe namba.

Kijiko


30 Mei

Kijiko,

Kobe alipofika juu tulimkuta na asilimia kumi na moja.

Maana yake unaijua, lakini nitaiandika. Ningeweza kumwacha kwenu kwa muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai, pengine viwili, na bado angefika. Asingeweza kukaa mpaka mwisho wa Babu Baruti, hata kwa hesabu ya kuwapendelea kiasi gani. Ila kikombe kimoja cha chai kilikuwepo, na sikuwapa.

Nilipobonyeza sikuijua namba hiyo. Nilijua betri ni ya zamani, inasema nusu kumbe ni robo. Nilijua mteremko umelowa, minyororo itateleza. Ningeweza pia kumkuta amezimika kwenye ile nafasi akiwa na sifuri, na leo usingekuwepo wa kuniuliza. Nimeipiga hesabu ile mara nyingi, kwenye karatasi na kwenye kompyuta, na kwa kile nilichokijua saa ile ningefanya vilevile tena. Naona aibu kukuandikia hivyo baada ya kusoma barua yako, lakini umesema nisikupe maneno mengine.

Ninachokijutia kinaanzia nyuma ya hapo. Nilitaka roboti zisihangaike kupanda, ili kuukwepa mteremko nikaweka mtu chini. Ulipoomba kazi ile mara ya pili nilikuwa nimechoka na nina kikao, nikasema sawa.

Kituo cha chini kimefungwa. Wakubwa walitaka tukijenge upya, na dari imara zaidi. Nimewaambia watafute mtu mwingine wa kukijenga, na mpaka sasa hawajamtafuta. Roboti zinapanda tena mpaka juu kuchaji, zinafanya nusu ya kazi, na kila Jumatatu kikaoni nanuniwa. Kila moja sasa inabeba tochi na maji, hata inayokwenda kupima hewa tu. Uzito huo unakula chaji. Nauacha uile.

Hayo uliyonieleza kuhusu mwisho wa Babu Baruti sijamwambia mtu, na sitamwambia.

Shemeji yako


11 Juni

Mkwe wangu,

Nilisema usiandike mpaka nikuandikie, na wewe hukuniandikia mimi, uliandika kwa Kijiko, kwa hiyo sina kesi. Mtu wa posta aliiweka barua mkononi mwangu. Nikaiweka mezani nikamwambia Kijiko, soma, na mimi nisikie.

Akaanza kusoma kama mtu anayesali. Nikamwambia sisikii. Akapandisha. Unajua nyumba yetu ilivyo; alipofika kwenye asilimia kumi na moja fundi cherehani alikuwa ameshazima mashine upande wa pili wa ukuta. Pale uliposema ungefanya vilevile tena, nikamwambia rudia. Akarudia. Nikamwambia sijasikia vizuri. Akapiga kelele, "NINGEFANYA VILEVILE TENA!" mpaka mwanao akatoka chumbani kuuliza nani anagombana. Mkwe wangu, mara ya kwanza nilikuwa nimesikia. Nilitaka kuona atalisemaje. Mara ya tatu alilisema kama neno lake mwenyewe, akakaa chini.

Kisha akamalizia kusoma, akafika kwenye lile uliloandika hujamwambia mtu. Nikauliza, lipi? Hilo hakulipigia kelele. Alivuta kiti, akaniambia sikioni, taratibu, na nikalisikia lote.

Sikulala siku ile. Nilikuwa namfikiria baba yao. Wiki yake ya mwisho alikuwa ananiuliza kama dirisha liko wazi, nami nikamwambia liko wazi, na ilikuwa baridi, nilikuwa nimelifunga. Sikuwahi kumwambia mtu hilo. Nimemwambia Kijiko asubuhi, naye akanywa chai yake yote, akaongeza.

Sasa nisikilize. Mke wa Babu Baruti ametuma mtu. Amesikia kwamba mume wake hakuwa peke yake, na anataka kumwona aliyekuwa naye. Kijiko ameshika kichwa. Anasema akiulizwa mzee alisema nini, atajibu, hata lile la taa atalisema kama lilivyokuwa, hawezi kumdanganya na mke pia. Ila akiulizwa kwa nini taa iliondoka, hana la kusema. Nikamwambia hilo si la kwako. Akasema, "Basi aje mwenyewe."

Ni yeye aliyesema, si mimi. Kaka yake alikuwepo, muulize.

Njoo Jumamosi hii. Omba ruhusa, na wakikataa, jifanye unaumwa. Kwa mama yule mtakwenda wawili, mimi nitabaki na mtoto. Mkifika, mwache Kijiko aanze. Usimsaidie kusema. Mama yule akikugeukia wewe, mwambie kila kitu: beseni, mteremko, akiba, na ile kumi na moja. Pengine atakufukuza. Akikufukuza, ondoka bila kujitetea, umngoje Kijiko nje mpaka amalize.

Sijasema yameisha kati yangu na wewe. Tutayamaliza jikoni ukirudi, nikiwa nakuona mdomo.

Mama